Njia Mbili za Kutoa Kitabu

Kitabu kilichokwisha kuandikwa si lazima kiwe kimekwisha kusomwa. Kati ya mkono wa mwandishi na macho ya msomaji ipo safari, na safari hiyo haina budi kulipiwa nauli na mtu fulani. Tangu zamani waandishi wameulizana: ni nani ailipe nauli hiyo, naye apewe nini? Leo swali hili huulizwa kwa maneno mapya. Kijana aliyemaliza mswada wake wa kwanza huona mbele yake njia mbili. Njia ya kwanza ni kumtafuta wakala wa waandishi, yaani mtu alijuaye soko la vitabu, ili amtafutie mchapishaji na kusimamia mapatano, naye apate sehemu ya mapato. Njia ya pili ni kuutoa mswada mwenyewe katika intaneti uwe kitabu pepe, usomwe katika simu na kompyuta, pasipo kumwomba mtu yeyote ruhusa.

Wengi hulijibu swali hili kwa haraka. Wapendao njia ya kwanza husema ya kwamba njia ya pili ni kimbilio la waliokataliwa. Wapendao njia ya pili husema ya kwamba wakala na mchapishaji ni watu walao jasho la wenzao. Historia haikubaliani na kundi lolote kati ya haya mawili. Yafaa basi tuwatazame waliotangulia: walipita wapi, walipata nini, na walipoteza nini. Ndipo tutakapoweza kuzipima njia hizi kwa mizani ya haki.

Kwanza tuzijue kazi zenyewe. Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Kitabu kizuri akionacho mtu dukani kimepita katika mikono mingi. Kuna kazi ya kuuhukumu mswada, kama wafaa au haufai. Kuna kazi ya kuuhariri na kuusafisha makosa. Kuna kazi ya kuupiga chapa na kuutilia jalada. Kuna kazi ya kuutangaza na kuuuza. Mwisho kuna kazi ambayo wengi huisahau, nayo ni kuilinda haki ya mwandishi juu ya maneno yake, ile iitwayo hakimiliki. Kazi hizi tano hazikwepeki. Mtu akizikimbia kwa mlango mmoja atazikuta zinamngoja kwa mlango mwingine. Kinachobadilika toka zama hadi zama ni nani azifanyaye na nani abebaye hasara.

Mfano ulio bora wa jambo hili ni maisha ya Jane Austen, binti wa kasisi wa Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1775 na kufariki mwaka 1817. Katika zama zake hapakuwa na wakala wa waandishi. Mwandishi aliweza kuiuza hakimiliki yote kwa mara moja, au aliweza kukitoa kitabu kwa gharama yake mwenyewe, mchapishaji akishughulikia kazi na kukata ada yake. Austen alizijaribu njia zote mbili, na kila moja ilimfundisha somo.

Mwaka 1803 aliuza mswada wa riwaya iliyoitwa Susan kwa mchapishaji mmoja wa London kwa pauni 10. Mchapishaji alilipa, akautia mswada kabatini, asiutoe. Miaka sita ikapita. Mwaka 1809 Austen alimwandikia, kwa jina la kubuni, akimtaka aitoe riwaya au amwachie huru aipeleke kwingine. Jibu lilikuwa kavu: mchapishaji hakuwa ameahidi kuitoa kwa siku maalumu, na yeye au mtu mwingine yeyote atakayethubutu kuitoa atazuiwa kwa sheria, akiutaka mswada wake, arudishe pauni 10. Fedha hizo Austen hakuzitoa wakati ule. Ilipofika mwaka 1816 ndipo kaka yake Henry alipoukomboa mswada kwa bei ile ile ya kwanza. Riwaya hiyo, ikiwa na jina jipya la Northanger Abbey, ilitoka mwishoni mwa mwaka 1817, miezi kadhaa baada ya mwandishi kuzikwa. Kwa pauni 10 kazi ya akili yake ilikuwa imefungwa kwa miaka 13.

Mwaka 1811 Austen alishika njia ya pili. Riwaya yake Sense and Sensibility ilitolewa kwa gharama yake. Kama isingenunuliwa, hasara ingekuwa yake, naye hakuwa mtu wa mali. Inasimuliwa ya kwamba alijiwekea akiba kidogo ili aweze kuibeba hasara hiyo. Nakala zote ziliisha kabla ya miaka miwili kutimia, naye akapata faida ya pauni 140. Ilikuwa fedha nzuri, na zaidi ya fedha, hakimiliki ilibaki mkononi mwake.

Lakini mafanikio hayo hayakumwondolea hofu. Mwishoni mwa mwaka 1812 aliuza hakimiliki ya Pride and Prejudice. Alitaka pauni 150, akapewa 110, akakubali. Kitabu kilitoka Januari 1813, kikapendwa mno, kikapigwa chapa mara ya pili katika mwaka ule ule. Austen hakupata hata senti moja zaidi. Riwaya yake inayopendwa kuliko zote duniani ndiyo aliyoiuza yote kwa mara moja.

Labda msomaji atasema, basi njia ya kujitolea kitabu ni bora. Asubiri kidogo. Mwaka 1815 mchapishaji mwenye jina kubwa, John Murray, alitaka kumpa Austen pauni 450 ili anunue hakimiliki za riwaya tatu kwa pamoja, Emma ikiwa mojawapo. Austen aliona ni kidogo, akakataa, akaitoa Emma kwa gharama yake. Emma iliuzwa vizuri kiasi. Lakini toleo la pili la Mansfield Park, ambalo Murray alilitoa kwa mapatano ya namna ile ile, liliharibikiwa sokoni, na hasara yake ikakatwa katika faida ya Emma. Fedha iliyomfikia Austen maishani mwake kutokana na Emma haikutimia pauni 39.

Tazama basi: mwanamke mmoja, akili moja, kalamu moja. Aliuza haki akanyamazishwa. Aliuza haki akatajirisha wengine. Alijitolea kitabu akafaidi. Akajitolea tena akaambulia kidogo kuliko alichokikataa. Hatuwezi kusema ya kwamba njia moja ilikuwa ya werevu na nyingine ya ujinga. Jambo moja tu halikugeuka katika habari hizi zote: palipokuwa na mkataba, maneno yaliyoandikwa humo yalimfunga mwandishi muda mrefu baada ya fedha kutumika. Tukumbuke pia ya kwamba Austen hakwenda peke yake. Henry, kaka yake, alizungumza na wachapishaji kwa niaba yake mara nyingi. Hakuitwa wakala, lakini kazi aliyoifanya ilikuwa ya uwakala.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 mambo yaligeuka huko Uingereza. Sheria ya elimu ya mwaka 1870 ilipanua shule za watoto wa watu wa kawaida, na wasomaji wakaongezeka. Karatasi ilikuwa rahisi kuliko zamani, na majarida yalitapakaa. Hadithi moja iliweza kutolewa kwanza katika jarida, kisha ikawa kitabu cha bei kubwa, kisha kitabu cha bei nafuu, kisha ikafasiriwa kwa lugha nyingine, kisha ikachezwa jukwaani. Mwaka 1891 Marekani nayo ilipitisha sheria ya kuwalinda waandishi wa nchi nyingine. Kabla ya hapo wapiga chapa wa Marekani walivichapa vitabu vya Waingereza bila kulazimika kuwalipa kitu.

Hakimiliki ikawa kama mnazi. Mnazi mmoja hutoa nazi, makuti na makumbi, na kila kimoja kina mnunuzi wake. Mtu mwenye busara huuza nazi asiuze mnazi. Lakini mwandishi aliyejifungia chumbani na kalamu yake atajuaje ni nani anunuaye makuti, na kwa bei gani? Ndipo alipozaliwa wakala.

Mtu anayetajwa kuwa wa kwanza kuifanya kazi hii iwe kazi ya maisha ni Mskoti mmoja, Alexander Pollock Watt, aliyeianza mjini London mnamo mwaka 1875. Inasimuliwa ya kwamba rafiki yake, mwandishi George MacDonald, alimwomba amuuzie hadithi zake, naye Watt akaona ya kuwa huduma hiyo yafaa kulipiwa. Ada yake ilikuwa 10 kwa mia ya kila kilichopatikana. Mwandishi asipopata kitu, wakala naye hapati kitu. Kwa kanuni hii faida ya wakala ilifungwa pamoja na faida ya mwandishi, kama ng'ombe wawili katika nira moja. Wateja wa Watt walikuja kuwa watu wakubwa: Thomas Hardy, Rudyard Kipling na Arthur Conan Doyle.

Habari za Conan Doyle zinaonyesha thamani ya kazi hiyo. Mwaka 1886 daktari huyu kijana, aliyekuwa hajulikani, aliuza hakimiliki yote ya A Study in Scarlet, kitabu cha kwanza cha mpelelezi Sherlock Holmes, kwa pauni 25. Kilitolewa mwaka 1887, wala hakikumwongezea kitu tena. Mwaka 1891 hadithi zake fupi za mpelelezi yule yule zilipelekwa na Watt kwa jarida la Strand. Hadithi moja fupi ililipwa zaidi ya pauni 30, na jarida lilipotaka nyingine, Doyle aliomba pauni 50 kwa kila moja, naye akapewa. Hadithi moja ya kurasa chache ikawa na bei ya kuishinda riwaya nzima. Yapo mambo mengine yaliyomsaidia, kwa kuwa Doyle alikuwa amekwisha kupata jina. Lakini hapana shaka ya kwamba kuuza nazi badala ya mnazi kulikuwa na sehemu kubwa.

Wachapishaji wengi hawakumpenda mgeni huyu. Mmoja wao, William Heinemann, alimshambulia wakala kwa maneno makali mbele ya watu, akimwona kuwa ni kupe aliyejiingiza kati ya mwandishi na mchapishaji. Hata hivyo mawakala walizidi kuongezeka, na baadaye ada yao ikapanda. Siku hizi, katika nchi zenye mawakala wengi, ada ya kawaida ni 15 kwa mia.

Tusimsifu wakala kupita kiasi. Yeye huishi kwa kile kinachouzika, kwa hiyo hana budi kuchagua, na achaguaye hukosea. Beatrix Potter aliandika kisa cha sungura mdogo, akakipeleka kwa wachapishaji kadhaa, wote wakakataa. Mwezi Desemba 1901 alitumia fedha zake akapiga chapa nakala 250, akawapa na kuwauzia jamaa na marafiki. Kampuni ya Frederick Warne, iliyokuwa imekataa hapo kwanza, ikakubali kitabu chenye picha za rangi, ikakitoa mwaka 1902. The Tale of Peter Rabbit kimekuwa miongoni mwa vitabu vya watoto vinavyojulikana zaidi duniani. Huyu alianza kwa kujitolea kitabu, akamaliza kwa mchapishaji. Lakini kampuni haikuilinda hakimiliki huko Marekani, na wapiga chapa wa huko wakakinakili kitabu wapendavyo. Kazi ya tano, ile ya kulinda haki, ilipomkosa mfanyaji, mwandishi ndiye aliyelipa.

Na sisi Waafrika? Mwaka 1957 Chinua Achebe wa Nigeria, kijana wa miaka 26, alituma kwa posta nakala moja tu ya mswada wake, ulioandikwa kwa mkono, hadi London ili upigwe taipu. Alilipa pauni 22. Miezi ikapita kimya. Mkubwa wake kazini, mwanamke wa Kiingereza aliyekuwa akienda likizo London, ndiye aliyeingia katika ofisi ile na kuuliza kwa ukali mswada uko wapi. Ndipo ulipopigwa taipu. Baadaye mswada ukafika kwa wakala, naye akauzungusha kwa wachapishaji. Baadhi yao waliukataa mara moja, wakisema riwaya za Waafrika hazina soko. Kampuni ya Heinemann ikasitasita, ikakubali, ikatoa nakala 2,000 mwezi Juni 1958. Kitabu hicho ni Things Fall Apart, ambacho tangu siku hiyo kimeuzwa kwa mamilioni. Bila mtu wa kumsemea, mswada ule ungeliozea katika kabati la ofisi ya London, na leo tusingelijua ni hasara gani imetupata.

Huku Afrika ya Mashariki njia ilikuwa nyingine. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilianzisha Shirika la Vitabu la Afrika ya Mashariki, makao yake yakiwa Nairobi, ili litoe vitabu kwa lugha za wenyeji na kuwasaidia waandishi. Baada ya uhuru zikaja kampuni nyingine, mojawapo East African Publishing House, mwaka 1965. Mwandishi wa kwetu alizoea kupeleka mswada wake mwenyewe kwa mchapishaji, na hivyo ndivyo ilivyo hata leo. Wakala wa waandishi ni nadra nchini Kenya. Mara nyingi mahali pa wakala palikaliwa na mwandishi mwenzake. Katika mkutano wa waandishi uliofanywa Makerere mwaka 1962, kijana James Ngugi, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o, alimpa Achebe mswada asome. Achebe aliusemea kwa wachapishaji, nao ukatoka mwaka 1964 kwa jina la Weep Not, Child.

Wapo pia Wakenya waliojitolea vitabu kabla intaneti haijaota. Katika miaka ya 1970 David Maillu aliunda kampuni yake mwenyewe mjini Nairobi, Comb Books, akatoa vitabu vidogo vya bei ndogo juu ya maisha ya mjini, ulevi na mapenzi. Wachambuzi walivilaani, na serikali ya Tanzania ikavipiga marufuku. Lakini makarani na wafanyakazi wa kawaida, ambao wachapishaji wakubwa hawakuwafikiria, walivinunua kwa wingi. Maillu alithibitisha ya kwamba wasomaji wapo pale ambapo wakubwa wa vitabu hawakutazama. Kampuni yake haikudumu miaka mingi, kwa maana mtu mmoja kuwa mwandishi, mchapishaji, mwuzaji na mweka hesabu ni mzigo wa kuvunja mgongo.

Sasa tuje kwenye kitabu pepe. Mwanzo wake ni mwaka 1971, ambapo Michael Hart, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Illinois huko Marekani, aliingiza katika kompyuta ya chuo Tangazo la Uhuru la Marekani, ili yeyote aliye katika mtandao aweze kulisoma. Kwa miaka mingi jambo hilo lilikuwa la wachache. Mageuzi makubwa yalikuja Novemba 2007, kampuni ya Amazon ilipoanza kuuza chombo cha kusomea kiitwacho Kindle, na wakati huo huo ikawafungulia waandishi mlango wa kuweka vitabu vyao wenyewe katika duka lake. Mwaka 2010 kampuni hiyo ilitangaza ya kwamba mwandishi atapata 70 kwa mia ya bei, iwapo bei iko kati ya dola 2.99 na 9.99 na mnunuzi yuko katika nchi zilizotajwa katika masharti. Vinginevyo atapata 35 kwa mia.

Tufanye hesabu, maana shauri la fedha bila hesabu ni porojo. Tuseme kitabu cha karatasi kinauzwa shilingi 500, na mrabaha wa mwandishi ni 10 kwa mia. Atapata shilingi 50. Kama ana wakala wa 15 kwa mia, atatoa shilingi 7.50, abaki na 42.50. Sasa tuseme kitabu pepe kinauzwa shilingi 400. Kwa 70 kwa mia atapata 280, na kwa 35 kwa mia atapata 140, kabla ya kodi na makato madogo. Kwa mtazamo wa kwanza kitabu pepe kimeshinda kwa mbali. Lakini katika kitabu cha karatasi mchapishaji ndiye aliyemlipa mhariri, mchoraji wa jalada na mpiga chapa. Katika kitabu pepe mwandishi huwalipa mwenyewe. Tuseme mhariri na mchoraji wamedai shilingi 56,000. Kwa 280 itambidi auze nakala 200 ili arudishe mtaji tu. Kwa 140 itambidi auze 400. Akikosa wanunuzi, hasara ni yake, kama ambavyo ingekuwa ya Austen mwaka 1811. Na akikwepa gharama hizo, akakitoa kitabu chenye makosa kila ukurasa, atakuwa amemlipisha msomaji, na msomaji aliyedanganywa mara moja hanunui mara ya pili.

Wapo waliofanikiwa, nao hutajwa sana. Amanda Hocking wa Marekani alikuwa amekataliwa mara nyingi. Mwaka 2010 aliweka riwaya zake katika intaneti, na kabla ya mwaka mmoja kupita sana alikuwa ameuza zaidi ya nakala milioni moja. Mwaka 2011 alifanya jambo lililowashangaza wengi: kwa mkono wa wakala, aliuza riwaya nne kwa mchapishaji wa kawaida kwa zaidi ya dola milioni mbili. Alieleza ya kwamba alitaka kuwa mwandishi, wala si kutumia siku nzima kwa barua na majalada. Andy Weir naye alikwisha kuwatafuta mawakala bila mafanikio. Riwaya yake The Martian aliitoa sura kwa sura katika tovuti yake bure, kisha akaiweka Kindle kwa senti 99 za dola. Ikauzwa maelfu kwa maelfu, hata wakala akamtafuta yeye. Mchapishaji mkubwa aliitoa mwaka 2014, na mwaka 2015 ikawa filamu.

Habari za hawa wawili zatufundisha mambo mawili. La kwanza, kitabu pepe kimemnyang'anya mlinzi wa lango funguo zake. Sungura wa Potter alihitaji fedha za kupiga chapa nakala 250. Weir hakuhitaji hata ukurasa mmoja wa karatasi. La pili, njia hizi mbili hazipingani, bali hukutana mbele. Lakini tusisahau ya kwamba kwa kila Hocking mmoja wapo maelfu ambao vitabu vyao vimelala katika duka la intaneti kama punje ya mchanga ufukoni. Zamani shida ya mwandishi ilikuwa kuruhusiwa kuingia sokoni. Leo kila mtu ameingia, na shida imekuwa kuonekana.

Kwa mwandishi wa Kenya ipo mizani nyingine ya kuongeza. Wanunuzi wakubwa wa vitabu kwetu ni shule, na kitabu cha kiada sharti kipitishwe na Taasisi ya Kukuza Mitaala ya Kenya. Mlango huo hufunguliwa kwa urahisi zaidi na mchapishaji anayeujua. Kwa upande mwingine, mashairi, hadithi za kijiji kimoja, au historia ya ukoo huenda yasimvutie mchapishaji atafutaye faida, ingawa yana thamani kubwa kwa wenyewe. Kazi kama hizo kitabu pepe chaweza kuziokoa zisipotee, na wasomaji walio mbali, hata ng'ambo, wakazipata kwa siku moja. Mwenye riwaya anayotaka isomwe London au New York, huyo amtafute wakala, kwa kuwa wachapishaji wengi wakubwa wa huko hawapokei mswada usioletwa na wakala.

Njia yoyote utakayoishika, jihadhari na mambo matatu. Kwanza, wakala wa kweli hulipwa kutokana na mapato yako, kama alivyofanya Watt. Akudaiye fedha mkononi kabla hajauza kitu, au mchapishaji akuambiaye ulipe ndipo akutoe, huyo anakuuzia ndoto yako mwenyewe. Pili, usitie sahihi mkataba usiousoma, hata masharti marefu ya duka la intaneti ambayo vijana hubonyeza kukubali bila kuyatazama. Uliza: nauza haki gani, katika nchi gani, kwa miaka mingapi, na kitabu kikifichwa kabatini nitakirudishaje? Swali hili la mwisho lingelimwokolea Jane Austen miaka 13. Tatu, weka kumbukumbu, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Chini ya sheria ya Kenya ya mwaka 2001, hakimiliki ya maandishi huanza pale yanapowekwa katika umbo la kudumu, nayo hudumu muda wa maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Maana yake ni kwamba sahihi utakayoitia ukiwa na miaka 18 yaweza kuwafunga wajukuu wako.

Basi anayeuliza ni ipi iliyo bora kati ya wakala na kitabu pepe ajiulize kwanza: katika zile kazi tano, ni zipi niwezazo kuzifanya vyema mimi mwenyewe, ni zipi nisizoziweza, na nani nitamlipa azifanye, kwa bei gani? Mwenye fedha kidogo, bidii nyingi na wasomaji anaowajua aweza kujitolea kitabu chake bila aibu. Asiyejua soko wala sheria, na mwenye kazi inayoweza kuvuka bahari, hatapoteza kitu kwa kumpa mwaminifu sehemu ya mapato yake. Lakini asiwepo yeyote, kwa haraka ya kuliona jina lake jaladani, atakayeuza mnazi kwa bei ya nazi.